Mgonjwa Mwenye Viatu

Wiki mbili zilizopita tulipata ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja, kijana anayesoma udaktari mwaka wa tatu hapa Uingereza. Sauti ya mtu aliyenuna kabisa. Anasema chuo chao kimewapa kuchagua: ama mwaka mzima wa nne akae kwa GP kwenye mji mdogo, hospitali aende siku mojamoja tu, ama afuate njia ya kawaida, azunguke wodi kwa wodi kwenye hospitali kubwa. Mama yake aliposikia habari ya GP akasema, "Kwa hiyo tumekusomesha miaka yote hii ukatibu mafua?" Na yeye mwenyewe, ukimsikiliza vizuri, anaogopa hilohilo. Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi. Akamalizia: "Dada Daktari, sema ukweli, nitajifunza nini kule?"

Yule mama namjua. Si yeye hasa, ila wangu ni baba. Baba alikulia Kibokoni, Mombasa, na enzi zao ukisikia fulani kapelekwa Makadara ujue mambo si mazuri. Daktari kwake ni mtu wa hospitali: koti jeupe, wanafunzi nyuma yake kama vifaranga. (Koti jeupe lenyewe hapa tumeshaacha kulivaa, lakini hilo sijamwambia.) Siku niliyompigia simu kumwambia nimechagua kuwa GP, alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa upole kama nilifeli.

Kwa hiyo swali hili nitalijibu kwa urefu. Nimekaa pande zote mbili: miaka mitano ya chuo, miwili ya udaktari mchanga hospitalini, mitatu ya mafunzo ya GP, na sasa nina wanafunzi wangu mwenyewe, wanakaa na mimi kliniki siku mbili kwa wiki.

Nianze na bibi mmoja. Mwenyewe na mjukuu wake wameniruhusu kusimulia, na nimebadilisha mambo kadhaa ili nyinyi mnaopenda kuchunguza mshindwe.

Bibi ana miaka sabini na kitu, mtu wa Pwani ya Kenya, ana sukari na presha, anaishi na binti yake. Siku moja akaanza kulalamika. Binti yuko kazini, nyumbani yupo mjukuu wa miaka kumi na saba, Kiswahili chake kama cha wengi wetu, cha kuelewa zaidi ya kusema. Bibi akamwambia, "Moyo wanichafuka." Kijana akasikia moyo. Akapiga simu ya dharura, akasema kwa Kiingereza safi kwamba nyanya yake ana tatizo la moyo. Gari likaja na king'ora. Hospitalini wakampima moyo, wakamchora tena, wakamtoa damu saa hii na baada ya masaa, wakamlaza siku mbili. Moyo mzima kama wa msichana. Na pale hospitali, ajabu, akapata nafuu, akala hata ule wali wao usio na chumvi. Wakamrudisha nyumbani na karatasi inayosema maumivu ya kifua, chanzo hakikujulikana.

Kwa msiojua, moyo kuchafuka si ugonjwa wa moyo. Ni kichefuchefu. Bibi zetu wanasema hivyo tangu zamani, na kama hujakaa jikoni nao utajulia wapi? Simlaumu yule kijana hata kidogo. Alifanya alichoweza, na mtoto wa shule hapaswi kuwa mkalimani wa nyanya yake hospitalini. Wakalimani wapo, ni haki ya mgonjwa, waombeni.

Baada ya wiki moja bibi yuko palepale, moyo unachafuka, chakula hakipiti. Safari hii binti akamleta kwangu.

Nilikuwa na mwanafunzi siku hiyo, kijana wa Kiingereza kutoka Yorkshire, Kiswahili hajui hata "jambo". Utaratibu wetu ni kwamba mwanafunzi anapewa chumba chake na wagonjwa wake, dakika ishirini au thelathini kwa kila mmoja, halafu mimi naingia anieleze alichokiona mbele ya mgonjwa mwenyewe. Basi naingia, namwamkia bibi shikamoo, marahaba mwanangu, naye anasema lile neno lake. Nikacheka. Nikajiona mjanja kupita kiasi. Nikamweleza mwanafunzi habari yote ya moyo usio moyo, binti akacheka, bibi akacheka, nikaanza kueleza tofauti ya moyo na roho kwa watu wa Mombasa. Yule kijana akangoja nimalize. Halafu akasema, kwa adabu, "Daktari, naweza kukuonyesha mfuko wake?"

Ule mfuko mnaujua. Mfuko wa plastiki wa dukani, umekunjwa ukakunjika, ndani dawa za miaka yote. Wakati mimi sijaingia, kijana alikuwa hana lugha ya kuzungumza na bibi zaidi ya kupitia kwa binti, basi akamwomba aone dawa zake, akazipanga mezani sandukusanduku. Masanduku mawili yalikuwa na dawa moja ya sukari, metfomini. Moja la duka la dawa la hapa, limeandikwa jina la dawa yenyewe. Jingine bibi alikuja nalo kutoka Mombasa alikokuwa amekaa miezi mitatu, lina jina la kampuni, rangi nyingine, vidonge vyenye umbo jingine. Bibi akajua ni dawa mbili tofauti, moja ya daktari wa huku na moja ya daktari wa kule, na kwa kuwa ni mtu wa nidhamu akawa anameza zote, asubuhi na jioni. Mara mbili ya kipimo chake. Metfomini ikizidi, jambo la kwanza ni kichefuchefu, na kwa mtu mzima ambaye figo zake zimeanza kuchoka mambo yanaweza kwenda mbali zaidi ya hapo.

Sasa fikiria. Kwa nini alipata nafuu hospitali? Kwa sababu wodini hali dawa zake. Muuguzi anapita na kitoroli, anampa kipimo kilichoandikwa kwenye rekodi, yaani kipimo sahihi. Ule mfuko ulibaki nyumbani juu ya friji. Hospitali ilimtibu bila kujua inamtibu, ikampa ruhusa, akarudi kwenye mfuko. Wangeweza kumlaza mara kumi na wasione kitu, si kwa uzembe, bali kwa sababu kila akiingia pale ugonjwa unabaki nje mlangoni.

Mdogo wangu uliyetuma ujumbe, hilo ndilo jibu la kwanza. Kuna magonjwa ambayo hospitali haiwezi kuyaona kwa sababu kulazwa kwenyewe kunayaficha.

Wanafunzi wangu huwa nawaambia waangalie viatu. Wodini mgonjwa amevuliwa viatu. Amevalishwa gauni la kufungwa kwa nyuma, ana kitambulisho mkononi, yuko kitandani, hana pa kwenda. Na kabla hujafika wewe mwanafunzi, mtu mwingine ameshaamua kwamba huyu anaumwa: GP wake, daktari wa dharura, daktari wa zamu, wote wameshapita. Wewe unapewa kitendawili ambacho wenzako wameshakitegua nusu. Kliniki mgonjwa anaingia na viatu vyake, koti, mkoba, mtoto, tiketi ya maegesho inayoisha saa nne na nusu. Akikuchoka anainuka. Dawa uliyomwandikia akitaka atameza, asipotaka hatameza, wala hutajua. Na hakuna aliyeamua bado kama anaumwa au la. Hiyo kazi ni yako.

Tumefikaje hapa, kwamba udaktari unafundishwa zaidi kitandani? Lilikuwa jambo jema lilipoanza, tusisahau. Zamani wanafunzi wengi walikaa ukumbini wakisikiliza mihadhara, na mtu aliweza kuhitimu bila kumgusa mgonjwa. William Osler, ambaye alikuwa Johns Hopkins kule Baltimore, chuo kilichoanza kufundisha udaktari mwaka 1893, aliwatoa wanafunzi ukumbini akawapeleka wodini, wakapewa wagonjwa wa kufuatilia wenyewe. Hakuwa wa kwanza duniani, ila kwake ndiko mtindo huo ulipoota mizizi Marekani. Mwaka 1905 akahamia Oxford. Miaka mitano baadaye, 1910, Abraham Flexner, ambaye hata daktari hakuwa, alikuwa mwalimu, akatoa ripoti yake baada ya kuvitazama vyuo 155 vya Marekani na Kanada, akasema mfano wa kuigwa ni Johns Hopkins. Vyuo vingi vibovu vikafungwa. Tangu hapo, chuo cha udaktari bila hospitali yake kubwa kikaonekana si chuo.

Lakini wagonjwa wa Osler walikaa wodini wiki kwa wiki. Mwanafunzi alimwona mtu akiingia, akizidiwa, akipona au akifa, kitanda kilekile. Leo mtu anapasuliwa kibofu cha nyongo asubuhi na usiku yuko kwake anatazama mpira. Uingereza peke yake ilikuwa na vitanda vya hospitali karibu laki tatu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufika 2020 vilikuwa kama laki moja na elfu arobaini. Sukari, presha, pumu, hata sehemu kubwa ya tiba ya saratani, vimehamia nje, kwa wagonjwa wanaokuja na kurudi. Waliobaki kitandani ni wale wagonjwa sana, na wanapita haraka. Mwanafunzi anafika Jumatatu, Jumatano mgonjwa wake hayupo.

Kuna utafiti mmoja nauonyesha kila mwanafunzi siku ya kwanza. Ni wa mwaka 1961, wa Kerr White na wenzake wawili. Niuweke kwa namna yetu. Chukua ukumbi wa harusi, wenye watu wazima 1,000, maana harusi zetu kila mwalikwa anakuja na wanne. Waulize mwezi mmoja uliopita umekuwaje. Watu 750 watakwambia waliumwa au waliumia kidogo. Kati yao 250 walikwenda kumwona daktari. Waliolazwa hospitali ni 9. Waliopelekwa kwenye hospitali ya chuo kikuu, ile wanakosomea wanafunzi? Mmoja. Mwaka 2001 watafiti wengine Marekani wakarudia hesabu: waliolazwa safari hii 8, na wa hospitali ya chuo hakutimia hata mmoja.

Yaani tunamchukua kijana, tunamwambia jifunze kuhusu ukumbi huu, halafu tunamfungia chumbani na yule bwana mmoja.

Na si suala la idadi tu. Ukijifunzia kwa yule mmoja, unajifunza hesabu isiyo sahihi, nami niliilipia hesabu hiyo, au tuseme aliilipia mgonjwa wangu. Miezi yangu ya kwanza kwa GP alikuja dereva wa lori, miaka 24, analalamika kuchoka. Mimi nimetoka wodini, na wodini mtu aliyechoka ana ugonjwa wa damu, wa figo, wa tezi, kitu fulani kikubwa. Nikamwandikia vipimo kumi na viwili kwa mpigo. Mnajua vipimo vya damu vinavyopangiwa kiwango cha kawaida? Mara nyingi wanachukua watu wazima wenye afya, wanakata asilimia mbili na nusu ya juu na mbili na nusu ya chini, waliobaki katikati ndio "kawaida". Maana yake mtu mzima kabisa asiye na tatizo ana nafasi moja katika ishirini ya kutoka nje ya mstari kwa kila kipimo. Mpe vipimo kumi na viwili visivyotegemeana, nafasi ya angalau kimoja kutoka vibaya inakaribia nusu. Karibu kurusha shilingi!

Kikatoka kimoja, cha ini, juu kidogo. Akapigwa picha ya ini. Pichani kukaonekana kidoa. Akapelekwa picha kubwa zaidi. Miezi mitatu anangoja, mke wake analia, na mwisho kidoa ni kitu ambacho watu kibao wanazaliwa nacho na kuzeeka nacho. Nilipomwita kumpa habari njema nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, nyumbani kwako kuna nani. Kuna mtoto wa wiki kumi na nne, akasema, halali usiku, wala sisi hatulali. Alipokuja mara ya kwanza mtoto hata mwezi hakuwa ametimiza.

Kipimo kilekile nilichoagiza ndicho wanachoagiza wodini, na kule kina maana, kwa sababu waliofika kule wameshachujwa. Kwa mtu mwenye viatu maana yake inayeyuka. Hilo hakuna mhadhara ulionifundisha nikalisikia. Mpaka uketi mbele ya mtu ambaye pengine haumwi.

Jambo jingine ni maneno. Mwaka 1975 Hampton na wenzake huko Nottingham walichukua wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje, wakatazama ni wakati gani daktari alijua ugonjwa. Kwa 66, alijua baada ya kusoma barua ya rufaa na kumsikiliza mgonjwa tu. Kumpima kwa mikono kulibadilisha jibu kwa 7. Maabara, 7. Mashine zimeongezeka tangu hapo, sibishi, lakini hebu tazama ile 66. Halafu weka pembeni utafiti wa Marekani wa 1984: katika mazungumzo 74 ya daktari na mgonjwa, ni wagonjwa 17 tu waliopewa nafasi ya kumaliza kueleza kilichowaleta. Kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18.

Sekunde 18! Bibi yangu mimi kwa sekunde 18 hajamaliza kuulizia habari za nyumbani, na ukimkata hapo atakwambia hajambo, ataondoka na ugonjwa wake. Kwa watu wetu jambo la msingi linakuja mwisho, mara nyingi mkono uko kwenye kitasa: "Ah, halafu daktari, kuna kajambo kadogo." Hako kadogo ndiko kaliyemleta. Wodini hakuna kitasa.

Sasa nisije nikaonekana naichukia hospitali. Nilichopata kule nakitumia kila wiki. Mwaka wangu wa nne, usiku wa manane kwenye wodi ya watoto, muuguzi mmoja mzee alinishika bega akanigeuza nimtazame mtoto kabla sijashika faili. "Usisome kwanza. Tazama mbavu." Ngozi ilikuwa inaingia ndani kati ya mbavu kila akivuta pumzi, pua zinapanuka, na mtoto amenyamaza, halii. Kunyamaza kule ndiko kulikomtisha. Miaka kadhaa baadaye, asubuhi ya baridi, mama mmoja akaingia kliniki na mtoto mgongoni, kaja kwa ajili ya kikohozi, mtoto wa kumi na moja siku hiyo mwenye kikohozi. Kumi walikuwa na mafua. Huyu nilimwona kabla hajashushwa mgongoni, na gari la dharura lilikuwa mlangoni baada ya dakika tisa. Mtu ambaye hajawahi kukaa usiku na wagonjwa wazito hatamtofautisha wa kumi na moja. Kwa GP unaona kumi. Yule mmoja unafundishwa hospitali.

Na kliniki ina aibu zake pia. Kuna sehemu mwanafunzi anakalishwa kwenye kona kama mgeni aliyekuja kwenye kilio asichokijua, siku nzima anatazama kisogo cha daktari. Hicho hakimfundishi mtu. Kufundisha vizuri kunataka chumba cha pili, ambacho majengo mengi ya GP hayana, na kunataka muda. Mgonjwa wangu wa kawaida ana dakika kumi. Nikiwa na mwanafunzi idadi ya wagonjwa inapungua, na wanaopungua ni watu wa kweli wanaopiga simu saa mbili asubuhi wakiambiwa nafasi zimekwisha. Sijapata namna ya kulitatua hilo. Nachagua kufundisha, huku najua kuna mtu amekosa nafasi leo kwa sababu yangu.

Kisha kuna mgonjwa mwenyewe, ana haki ya kukataa, na lazima aulizwe kabla mwanafunzi hajaingia, si mwanafunzi akiwa ameshakaa anatabasamu. Wagonjwa wa kwetu wana hofu ya ziada. Shangazi mmoja aliletewa mwanafunzi mwenye jina la kwetu, akanivuta pembeni: "Huyu si mtoto wa fulani wa Leicester?" Alikuwa hata si wa Leicester, lakini nilimtoa. Nilimweleza binti nje koridoni kwamba siri ya mgonjwa ni siri, na anayeogopa hana haja ya kutoa sababu. Siku hiyo alijifunza jambo ambalo wodini, nyuma ya mapazia yanayosikika mpaka kitanda cha nne, ni vigumu kulifundisha kwa uso mkavu.

Mpango aliopewa kijana wetu, wa kukaa mahali pamoja mwaka mzima, si majaribio ya jana. Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza kupeleka wanafunzi miji midogo kwa miezi mingi mfululizo mwaka 1971. Chuo cha Flinders, Australia Kusini, kikaanza chake mwaka 1997, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo: waliokaa na madaktari wa vijijini walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani kuliko wenzao waliobaki hospitali kuu ya Adelaide. Mitihani ileile. Mimi huwa naongeza kwamba wale walijitolea wenyewe kwenda, na anayejitolea mara nyingi ana juhudi zake, kwa hiyo usiuchukulie kama muujiza. Lakini ile hofu ya kwamba utarudi umepitwa, hapo haina miguu.

Unachopata mwaka mzima ni kumwona mtu yuleyule mara ya pili. Mama mjamzito unayempima Oktoba, mtoto wake utamchanja mwaka ukiendelea. Yule uliyempa dawa ya presha atarudi akwambie miguu imevimba, na utajua dawa yako ndiyo iliyomvimbisha. Wodini nilipandisha na kushusha dawa za watu miaka miwili na sikuwahi kujua hata mmoja alifanyaje.

Nilimsimulia haya shangazi yangu, dada yake baba, afisa tabibu mstaafu, alisomea chuo cha KMTC na kazi yake yote ameifanya vituo vya afya vya Kilifi. Kenya ukienda kituo cha afya utakayekutana naye mara nyingi ni afisa tabibu kama yeye. Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Nyinyi mnavumbua foleni? Mimi nilianza na foleni. Daktari wa kulala nilimwona baadaye." Daktari wa kulala ndilo jina lake la daktari wa wodini, na kwa sauti yake sijui anayelala ni daktari au mgonjwa. Halafu akampigia baba simu, wakazungumza nusu saa, na baba tangu siku hiyo hajaniuliza tena kama nilifeli. Ananitumia picha za vipele vya marafiki zake.

Kwa hiyo, mdogo wangu: nenda kwa huyo GP. Ila kabla hujajaza fomu waulize mambo haya. Utakuwa na chumba chako? Utamwona mgonjwa kwanza wewe au utakaa kona? Zile siku za hospitali ni ngapi, na usiku zipo? Kama usiku haupo, omba, hata mmoja kwa mwezi, wodi ya watoto na ya dharura. Wakikujibu kwamba utakuwa unatazama tu, basi baki hospitali, wala usione haya. Na mama mpe nafasi yake. Usimletee takwimu, mlete siku moja akukute unamsaidia bibi wa kwetu.

Bibi wa mfuko alirudi wiki tatu baadaye kwa ajili ya damu ya figo. Nzuri. Sanduku la Mombasa amelitupa, anasema, ingawa nilivyomwona usoni nadhani liko juu ya friji bado; nimemwambia binti aangalie. Alimuuliza "yule kijana mweupe wa masanduku" yuko wapi. Nikamwambia amemaliza kwangu, yuko hospitali, wodi ya upasuaji. Bibi akasikitika kabisa. "Maskini," akasema, "kafanya kosa gani?" Akaacha kashata kwenye karatasi ya nailoni, nimpelekee. Tatu zilifika.